Mkono Kwenye Komeo

Juzijuzi mliniaga vizuri, nashukuru. Kitenge nimekipeleka kwa fundi, na saa ya ukutani nimeitundika sebuleni, ingawa mpaka leo najiuliza mstaafu anapewa saa ili awahi wapi. Zawadi, mdogo wetu wa kaunta, ameniomba niandike mambo ya kazi kwa ajili yenu mnaobaki hapo maktaba. Nilimwambia sina jipya. Vyeo vilikuwa vichache na vilikuja vimechoka, na mshahara mnaujua wenyewe. Nilichobaki nacho ni kitabu kimoja cha mwanamke wa Marekani aliyekufa zamani, na mwanamke mmoja wa Inyonga aliyetaka kujua mwisho wake. Habari yao si nzuri, nawaambia mapema. Anayetafuta kicheko aishie pale kwenye msiba.

Nilishuka Mpanda kwa treni ya Tabora, binti mwenye cheti kipya na viatu vya kisigino, nikitegemea kukuta wasomaji. Nilimkuta Mzee Rajabu, mkutubi mkuu ambaye pia alikuwa mkutubi pekee na mlinzi. Ukoo wake wote ulikuwa na maduka pale sokoni. Yeye peke yake alichagua kukaa na bidhaa ambayo mteja anairudisha. Cheti changu hakukitazama. Alinipa chupa ya mafuta ya taa na tambara, akanionyesha mstari wa udongo uliokuwa umepanda ukutani kutoka sakafuni.

"Mchwa hawa ndio wasomaji wetu wakubwa," akasema. "Wanamaliza kitabu kizima na hawachagui mwandishi. Anza na hao, binti yangu. Wengine watakuja baadaye."

Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, ili mende wasidhani tumewapikia wao. Alinifundisha kuanika vitabu asubuhi tu, kwa sababu jua la mchana la Mpanda linapindua majalada. Rafu isiguse ukuta, sanduku lisiguse sakafu. Haya yote mliyoyasikia kwangu mkaniita bibi wa kanuni yalikuwa ya kwake. Na kila mwezi alinipakia kwenye basi la Inyonga na sanduku la bati lenye vitabu. Alisema kitabu kisichotoka rafuni ni tofali, na yeye hakuajiriwa kulinda matofali.

Inyonga hakuna aliyeazima kitu. Watu walikuwa na tumbaku, mahindi na asali, na kila kimoja kilikuwa na msimu wake usio na nafasi. Nilikuwa nakaa na sanduku langu mlangoni mwa ghala ambako akina mama walichambua majani ya tumbaku, wakiyatenga kwa rangi na ubora, na vumbi lake likinikaba koo. Siku moja mmoja wao akanyoosha shingo.

"Wee dada wa vitabu! Unauza hivyo, au unavianika?"

"Naazimisha."

"Sisi mikono yetu ina kazi. Masikio ndiyo hayana. Tusomee basi, tusikie huko duniani wanasemaje."

Huyo ndiye Mama Espe. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa Inyonga. Mumewe, Baba Espe, alikuwa amekwenda machimbo ya dhahabu na hakuonekana tena. Nyumba aliyomwachia ilikuwa msingi tu. Mama Espe alifyatua matofali mwenyewe, akayachoma, akapandisha kuta, akaezeka. Kitu kimoja hakukiweka, nacho ni mlango. Baba Espe aliondoka ameahidi kwamba atarudi na mlango wa mninga, basi mkewe akaning'iniza kiroba cha mbolea pale penye uwazi, akasubiri. Mninga umejaa misitu ya kwetu, unapita barabarani kwenye malori kwenda kutengeneza milango ya watu wa mijini. Wenzake walimtania kwa hilo kila siku ya Mungu.

"Si uchongeshe wako tu, jamani!" walimwambia.

"Nikiweka mwenyewe atasema sikumsubiri," alijibu, na kucheka pamoja nao.

Kitabu chenyewe kilikuja kwenye masanduku ya msaada. Watoaji walikuwa na moyo mwema ila hawakuwa na macho. Tulipokea vitabu vya namna ya kulipa kodi ya Marekani, kimoja cha kuteleza kwenye barafu, na katikati yao hiki cha hadithi, kilichozeeka mpaka kikanuka uyoga. Jaladani kulikuwa na jina la kiume. Dibaji, iliyoandikwa na binti wa mwandishi aliyeitwa Lidia, ilisema kwamba jina lile lilikuwa la kuazima tu, na mwandishi alikuwa mwanamke. Akina mama wa ghalani hawakuhangaika na majina hayo. Mwanamke mwenye mtoto ana jina tayari. Wakamwita Mama Lidia.

Niliwasomea maisha yake kwanza, nami nayakumbuka kuliko ya shangazi zangu. Aliishi karne ya kumi na tisa, binti wa mchungaji wa kijiji cha baridi, akaolewa na mtu mwenye kinu cha maji cha kusagia nafaka. Mume akasikia kuna dhahabu upande wa magharibi wa nchi, akafunga mzigo.

"Hee!" mmoja akapiga kofi. "Kumbe na wao wana machimbo!"

"Na hawarudi vilevile," akasema Mama Espe.

Mama Lidia alibaki na watoto, akazika wawili, akaanza kutunga hadithi kwenye meza ileile ya jikoni aliyokandia mkate. Aliziwekea jina la kiume kwa sababu hadithi za mwanamke hazikusomwa kwa heshima. Mhariri wa gazeti alikuwa na sharti moja, mwisho uwe mtamu. Mgonjwa apone, aliyepotea arudi, wenye ugomvi wapatane. Kwa miaka mingi Mama Lidia alikuwa na mwisho mmoja moyoni na mwingine mezani, na watoto walikula ule wa mezani. Hadithi ya mwisho ndiyo aliyoigomea. Mhariri aliirudisha abadilishe, naye hakubadilisha hata neno, na haikuchapwa mpaka alipokufa, Lidia alipoiweka mwishoni mwa kitabu hiki. Kaburini waliandika jina la yule mume ambaye wala hakuzikwa pale, na chini yake, kwa herufi ndogo, "na mkewe".

Niliposoma kwamba amekufa, mikono yote ghalani ikasimama. Kumbe wao muda wote walimdhania hai. Walikuwa wameshapanga wamtumie asali.

"Amekufa lini?" akauliza Mama Espe.

"Zamani sana, mama. Hata bibi zenu hawajazaliwa."

"Zamani yake haituhusu. Sisi habari imetufika leo. Na wamemzika bila jina lake, ee Mana, Mungu wangu!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini. Wote wakaketi. Wakaanza nyimbo za msiba, za Kirundi, za Kikonongo na za Kiswahili, na mmoja akaenda kuteleka maharage, maana msiba bila kula ni aibu ya kijiji. Nilijaribu kueleza, nikanyamazishwa. Msimamizi wa ghala akaja mbio akidhani kuna ajali.

"Nani amefariki?"

"Mwenzetu."

"Wa kitongoji gani?"

"Wa Marekani."

Msimamizi akavua kofia, kwa sababu msiba haupitwi hivihivi, akapewa sahani akala na sisi. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa anatunga. Akasema poleni sana.

Mzee Rajabu nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanipa kanuni niliyoibeba miaka yote: usiwatangulie wanaokusikiliza. Soma mpaka wanapofika wao, usifungue ukurasa wa mbele. "Ukiujua mwisho sauti yako itausema kabla hujafika," alisema. "Watu si wajinga." Nikamtii. Tulisoma kitabu kile hadithi kwa hadithi, msimu hadi msimu, nikikitoa Kiingereza na kukitia Kiswahili papo hapo. Theluji ilinisumbua kidogo. Nikawaambia fikirini pamba iliyopasuka shamba zima, na Wasukuma waliokuwemo wakawaeleza wengine vizuri kuliko mimi.

Hadithi ile ya mwisho, iliyogomewa, tuliianza karibu na masika. Inamhusu mwanamke aitwaye Debora. Mumewe amekwenda kwenye dhahabu. Kinu kimeharibika, Debora anakitengeneza kwa mikono yake, anasaga nafaka za kijiji kizima, anasahau hata sauti ya mume. Tulifika mahali ambapo wasafiri wanasema wamemwona njiani anarudi, mvua zikakata barabara, nikarudi Mpanda. Kitabu kikafungiwa kwenye sanduku lake. Mwezi huo Mzee Rajabu alilazwa, mimi nikawa namuuguza. Paa la stoo likavuja, na watu wa ofisi, kwa nia njema kabisa, wakayashusha masanduku kutoka juu ya meza ili yasinyeshewe. Sakafuni walikuwepo wale wasomaji wetu wakubwa.

Jalada lilikuwa zima, kwa hiyo sikujua. Barabara ilipofunguka nikaenda Inyonga, nikaketi mahali pangu, nikaanza pale tulipoishia. Mume anafika jioni, theluji inaanguka. Anagonga. Anamwita Debora kwa jina la usichana wake. Debora anatoka jikoni, anavuka chumba, anasimama nyuma ya mlango. Nikasoma, "Debora akaweka mkono kwenye komeo, na". Nikafungua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Udongo mkavu ulimwagika mapajani mwangu.

"Na nini?" akauliza Mama Espe.

"Mchwa wamekula."

Nyie hamjawahi kusikia kelele ya aina ile. Mmoja alinitukana waziwazi na wala sikumlaumu. Halafu yakaanza mabishano, nayo yalichukua msimu mzima wa kuchambua. Wengi walisema alifungua, atafanyaje, mume ni mume, na baridi ile angemuua mlangoni. Wachache wakasema kumbukeni dibaji. Mhariri alitaka mwisho ubadilishwe, na mhariri ni mwanamume, atataka nini zaidi ya mlango kufunguliwa? Basi Mama Lidia hakuufungua. Walirushiana maneno wakicheka. Mama Espe peke yake hakuwa anacheka, nikadhani ni uchovu.

Alinifuata kituo cha basi, ameshika kuku wa kunipa.

"Mwalimu, kuna muuza ng'ombe katoka Majimoto. Kamwona Baba Espe. Anasema anarudi."

"Kheri basi."

"Sijui kama ni kheri. Hawa wenzangu wananishauri, lakini wote waume zao wapo nyumbani. Wazee wa kanisa ni wanaume. Mama Lidia peke yake ndiye aliyekaa nilipokaa mimi. Nitafutie yule Debora alifanyaje. Sitaki ushauri, nataka kujua tu. Utafute upesi, mwalimu, kabla hajafika."

Katika kazi yangu yote hakuna aliyewahi kuazima kitu kwangu kwa haja kama ile. Nilitafuta. Niliandika makao makuu, nikajibiwa kwamba kitabu hicho hakipo kwenye mfumo, wakati mfumo wenyewe ulikuwa droo ya kadi. Niliuliza Tabora, niliuliza Mbeya. Nilimwomba padri aliyekuwa anakwenda likizo Ulaya, akaniletea rozari. Nilimfuata mtafiti Mmarekani aliyekuja kuhesabu viboko mbugani Katavi. Akasema hajawahi kumsikia mwandishi huyo, akaahidi kumtafuta akirudi kwao, na mimi mpaka leo sijamsikia tena mtafiti huyo. Mzee Rajabu, akiwa anatembea kwa fimbo, alizunguka kwa wafanyabiashara wote waliokuwa wakienda Dar es Salaam kuwaachia jina la kitabu kwenye kikaratasi. Walirudi na vitenge.

Kila mwezi nilishuka Inyonga mikono mitupu. Mama Espe alinitazama tangu ninaposhuka kwenye ngazi ya basi, nikatikisa kichwa, naye akarudi kwenye majani yake. Mwezi mmoja sikumkuta ghalani. Wenzake wakaniambia Baba Espe amefika.

Nilikwenda kumsalimia. Mume alikuwa ameketi uani kwenye kiti, mtu mpole wa kuongea, ananiita shemeji. Mlango hakuja nao. Kiroba kilikuwa palepale. Mama Espe aliniletea maji ya kunywa, akaniegemea sikioni.

"Hukupata?"

"Sijapata, mama."

"Basi," akasema. "Wamesema mume ni mume."

Baba Espe alikaa misimu michache. Alipokea malipo ya tumbaku aliyolima mkewe, maana jina lililoandikwa kwenye chama cha ushirika lilikuwa lake. Kisha akauza shamba kwa wafugaji, akauza na nyumba, akaondoka kwenda machimbo mengine na mwanamke mwingine. Mnunuzi alikuja na watu wake wakaibomoa nyumba ili wachukue matofali, kwa kuwa yalikuwa yamechomwa vizuri. Mama Espe aliyasimamia yakipakiwa. Wenzake walinisimulia kwamba hakulia, alikuwa anawaonyesha vijana namna ya kuyapanga ili yasivunjike njiani. Halafu akamfuata bintiye, Espe, aliyekuwa ameolewa kijiji cha Mamba, kwenye mashamba ya mpunga. Mimi niliendelea kwenda Inyonga na sanduku, nikasoma vitabu vingine, lakini sauti yangu ilikuwa imekufa, na wao walijua. Mwisho ghala likafungwa na mimi nikaacha kwenda.

Mzee Rajabu alikufa akiwa bado anauliza kama kile kitabu kimepatikana. Nikakaa kwenye kiti chake. Yaliyofuata mnayajua, mmeyaona. Wanafunzi walikuja kwa ajili ya mitihani, kisha kwa ajili ya kuchaji simu, kisha hawakuja. Chumba cha watoto kikawa stoo ya viti vya mikutano. Nilipigania rafu zile nikashindwa moja moja, na siku mliyoniaga sherehe ilifanyika katikati ya meza tupu.

Wiki ile ya kuaga, Zawadi aliniuliza kitu ninachojutia kukikosa kazini. Nikamtajia kitabu cha Mama Lidia. Akatoa simu, akaniomba nimtamkie jina la jaladani polepole. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Haikupoa.

"Hiki hapa, mama," akasema. "Kipo chote. Bure."

Mtoto alifurahi, nami nikamwambia ahsante mwanangu. Nikaingia chooni nikalia huko. Zile barua, yule padri, ile fimbo ya Mzee Rajabu ikigonga sokoni. Zawadi, usijilaumu, hukuwa umezaliwa. Ila nakuachia kanuni moja badala ya ile ya mzee, naye anisamehe huko aliko: ukiwasomea watu, wewe anza na mwisho. Uubebe kifuani, siku wakiuhitaji uwe nao.

Sikuusoma pale. Nilitaka tuusome pamoja. Nikapanda basi la Majimoto, kisha bodaboda mpaka Mamba, simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Espe akanipokea, akanionyesha uani. Mama Espe alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Macho yake yameingia ukungu na kifua kinapiga filimbi kwa lile vumbi la ghalani, lakini sauti yangu aliitambua kabla sijamaliza salamu.

"Mwalimu! Umeniletea kuku wangu?"

Tukacheka, tukashikana mikono. Nikamwambia nimempata Debora. Akaweka ungo chini. Nikasoma kuanzia mume alipogonga, nikitafsiri kwa sauti ileile ya zamani, mpaka mahali palipoliwa na mchwa.

"Debora akaweka mkono kwenye komeo, na akalisukuma likaingia mpaka mwisho. Akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye mbao za mlango. Akaegemea hapo mpaka hatua za nje zikageuka, zikaenda."

Hapo ndipo hadithi inapoishia. Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni petu. Midomo ya Mama Espe ilikuwa inacheza, nikajua anairudia mwenyewe moyoni.

"Mlango ulikuwa wa mbao," akasema.

"Wa mbao."

"Na komeo?"

"La chuma, nadhani. Hakusema."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Akapapasa mpaka akaupata ungo wake.

"Hata ungeuleta mwisho huo siku ile, mwalimu," akasema. "Mimi ningeegemea nini? Kiroba?"